Harufu Niliyoikana

Binti yangu ndiye aliyenusa kwanza. Alikuwa na miaka 11, amelala kifudifudi juu ya godoro la nyuma, kidevu kakiweka juu ya mikono, anatazama lami inavyotukimbia kupitia kioo. Akainua kichwa akasema, "Baba, kunanuka petroli." Nami nikamjibu bila hata kugeuka kwamba magari ya zamani ndivyo yanavyonuka.

Hiyo ilikuwa Agosti 2016, likizo ya shule. Nyumbani kwetu siku ile ina jina lake, tunaiita Siku ya Kombi, na kila Idi tukiketi pamoja lazima isimuliwe. Binti yangu aliiandikia insha alipokuwa darasa la sita, akapata alama 36 kwa 40, na mwalimu wake akaisomea darasa zima. Nimeihifadhi insha hiyo. Ndani yake kuna sentensi isemayo kwamba baba alisimamisha gari karibu na kanisa dogo ili injini ipumzike. Sentensi hiyo si kweli. Mtoto aliiandika kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Nimelelewa Likoni, Mombasa, miaka ya 1980 ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Tulikuwa watoto wa kando ya foleni ya feri, na katika foleni ile hapakuwa na kitu kilichotupendeza kama Kombi za watalii: milia ya pundamilia ubavuni, paa linaloinuka, wageni wamesimama ndani yake wanapigwa na upepo wa bahari huku wakielekea Diani. Baba yangu hakuwahi kumiliki gari. Nilipokuwa nikizipungia mkono Kombi zile nilikuwa najiona mimi ndani, nimeshika usukani, na watu wangu nyuma wakicheka. Nalisema hili mapema kwa kuwa ndilo chanzo cha yote, ila sitaki litumike kunitetea.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kila nilichokipata kuhusu gari hilo. Mholanzi aitwaye Ben Pon alilichora kwenye daftari lake mwaka 1947, sanduku juu ya magurudumu, dereva mbele kabisa na injini nyuma kabisa. Volkswagen ikaanza kuliunda mwaka 1950. Kizazi cha pili, kile chenye kioo kimoja kipana mbele, kikatoka mwaka 1967. Nilijua ukubwa wa injini zake na miaka ya mabadiliko yake. Nilijua pia kwamba katika zile zilizotengenezwa za kulala ndani, godoro la nyuma hutandikwa juu ya bati, na chini ya bati hilo ndipo injini ilipo. Ben Pon ndiye aliyeiweka injini nyuma. Aliyewalaza watoto juu yake ni mimi.

Niliipata Kombi yangu Naivasha, kwa mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya maua. Yeye aliinunua kwa Waingereza wawili, mume na mke, walipokuwa wanahama nchi. Ilikuwa ya mwaka 1974, umri wangu mimi mwenyewe, injini ya 1600, rangi ya maziwa juu na kijani kilichopauka chini. Ndani mlikuwa na vikabati vya mbao, sinki dogo, meza ya kukunja na paa la kuinua. Ilikuwa imekaa miaka minne chini ya mgunga, majani na kinyesi cha ndege vimejaa juu yake. Nilikwenda peke yangu mara ya kwanza, tukapatana bei, na nikarudi Nairobi nikawaambia mke wangu na watoto kwamba Jumamosi tunakwenda kutembea ziwani, na kwamba tutarudi na kitu.

Tulikwenda kwa matatu asubuhi. Gari letu dogo tuliliacha nyumbani makusudi, maana nilitaka sote turudi ndani ya Kombi. Ziwani tulikodi mashua, tukaona viboko wametoa masikio na pua tu juu ya maji, na furukombe akashuka kumnyakua samaki aliyetupiwa na mwendesha mashua. Tulikula samaki wa kukaanga kwa ugali. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka 7, alilala mapajani kwa mama yake kabla hatujamaliza. Ilikuwa siku nzuri kweli. Hilo sikulitunga.

Saa nane mchana tukafika kwa mzee. Watoto walipoiona Kombi walipiga kelele nilizozingoja tangu utoto wangu. Mzee akacheka nao, akawainulia paa, akawafungulia vikabati. Kisha akaniita pembeni akaniambia maneno ambayo nayakumbuka yote. "Mwanangu, gari hii nimeiwasha na imewaka, lakini usiitie barabarani. Mipira ya mafuta ni mizee kuliko huyo binti yako. Ipandishe kwenye lori ukaibadilishie mipira kwako, ndipo uiendeshe." Akanionyesha pia mlango wa kusukuma wa ubavuni. Kitasa cha ndani kilikuwa kimekatika. Ukishafungwa, mtu aliye nyuma hawezi kuufungua. Sharti ufunguliwe na aliye nje.

Mzee hakunificha kitu. Ningeweza kuusimulia mkasa huu kwa namna ambayo lawama kidogo ingemwangukia yeye, na nakiri kwamba kuna miaka niliyojisimulia hivyo kichwani. Lakini yeye alitimiza wajibu wa muuzaji, na zaidi ya hapo.

Lori la kuibeba hadi Nairobi lilikuwa shilingi 18,000. Nilikuwa nazo. Zilikuwa kwenye simu, nimezitenga wiki mbili kabla kwa kazi hiyo hiyo, na namba ya mwenye lori nilikuwa nayo. Watu wakisikia mkasa kama huu hudhani ni ukata uliomponza mtu, na ukata humsamehesha mtu mengi. Mimi sikuwa na udhuru huo. Nilisimama pale nikamwangalia binti yangu amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, nikaona kwamba nikiita lori tutarudi Nairobi kwa matatu, kila mtu kwenye kiti chake, na Kombi itafika usiku ikiwa juu ya mgongo wa gari jingine kama maiti. Picha niliyoibeba tangu Likoni isingetimia. Nikamwambia mzee nimeelewa, nitakwenda polepole. Hakunijibu. Alimshika mwanangu kichwa, akaenda zake ndani.

Mke wangu alikaa mbele pamoja nami. Watoto wakapanda nyuma, kwenye godoro. Mikanda ya usalama haikuwepo huko. Nikausukuma mlango hadi ukalia.

Kutoka Naivasha kwenda Mai Mahiu, mlima Longonot unakuwa mkono wako wa kulia, na mchana ule ulikuwa hauna wingu hata moja. Nilikuwa nawaonyesha. Nilikuwa katikati ya maelezo kwamba kilele chake kina mita 2,776 na kwamba siku moja tutaupanda, ndipo binti yangu akasema lile la petroli nami nikamjibu nilivyomjibu.

Baada ya dakika kama kumi akasema tena, "Baba, kichwa kinaniuma." Nikamwambia afungue dirisha na atazame mbali. Akasema ameshafungua. Hapo nikapandisha sauti. Nikasema, "Acha kudeka bwana, usituharibie safari." Maneno hayo matano ndiyo ninayotamani kuyameza. Kulipita kimya. Mke wangu alinigeukia, akanitazama, kisha akateremsha kioo chake hadi mwisho bila kusema neno.

Mara ya tatu binti yangu hakusema. Nilimwona kwenye kioo cha ndani. Alikuwa ameivuta sweta yake hadi juu ya pua, amelala ubavu, macho wazi.

Pale njia inapoanza kupanda baada ya Mai Mahiu injini ikaanza kukohoa. Kando ya barabara ile, chini ya mteremko, kuna kanisa dogo la mawe lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Wasafiri wengi hulijua. Nilisimama karibu nalo, nikazunguka kuwafungulia mlango, nikasema injini imechoka na jua, waende na mama yao wakalione kanisa. Walikimbia. Nikazunguka nyuma nikainua kifuniko.

Nataka nieleze nilichokiona kama nilivyokiona. Tanki la mafuta la Kombi ile limekaa juu zaidi kuliko pampu, nyuma ya ukuta wa bati, hivyo petroli hushuka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kuna mpira unaoileta, unene wake kama kidole cha mwisho, nao umevikwa kitambaa cheusi kilichosukwa. Kitambaa hicho huficha nyufa. Mpira ule ulikuwa umelowa urefu wa kama nusu kidole, na kwenye tumbo lake tone lilikuwa linajikusanya. Lilijaa, likaning'inia, likaanguka juu ya bati la injini, likatoa sauti ndogo kama mate kwenye pasi, likatoweka. Kisha lingine. Nilihesabu kati ya tone na tone: moja, mbili, tatu, nne. Shubiri moja kutoka hapo kulikuwa na distribyuta, kazi yake ikiwa ni kugawa cheche. Juu ya yote hayo, bati. Juu ya bati, godoro ambalo nilikuwa nimelihisi bado lina joto la miili ya watoto wangu.

Kwenye kisanduku cha vyombo alichonipa mzee mlikuwa na utepe mweusi wa umeme. Niliukaza mpira kwenye pete yake kwa sarafu ya shilingi kumi, nikaufuta kwa kitambaa cha mkononi, nikaufunga utepe mizunguko mingi. Utepe haushiki kitu kilicholowa mafuta, na mimi nilijua. Nikahesabu tena. Tone lilikuja baada ya tisa. Nikajiambia tisa ni nyingi.

Matatu zilikuwa zinapita kuelekea Nairobi. Moja ilipunguza mwendo, utingo akatoa kichwa akaniuliza kama nina abiria. Ningeweza kuwapandisha wote watatu pale pale nikabaki na gari langu. Nilimpungia mkono aende. Kuwapandisha kungekuwa ni kusema kwamba kuna hatari, na kusema kuna hatari kungekuwa ni kusema kwamba nilionywa, na kwamba mtoto alinusa, nami nikamgombeza. Kwa sababu hiyo hiyo sikuwahamishia hata viti vya mbele. Niliwaita. Walikuja wanashindana kunihadithia picha zilizochorwa ukutani mwa kanisa. Binti yangu akaniuliza, "Injini imepumzika?" Nikamwambia imepumzika. Nikawapandisha juu ya godoro, nikausukuma mlango usiofunguka kwa ndani, nikaendesha zaidi ya kilomita 40 hadi nyumbani, nikiupanda mteremko ule mrefu kwa gia ya pili nyuma ya malori, na masikio yangu yote yakiwa nyuma.

Tulifika jua likizama. Majirani walitoka. Tulipiga picha, na picha hiyo iko sebuleni hadi leo: mimi nimeegemea mlango, nacheka.

Jumatatu fundi alikuja. Aliufungua utepe, akaukunja mpira kidogo kwa vidole viwili, ukavunjika kama biskuti. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Mzee, hii umekuja nayo hivi kutoka Naivasha? Na familia?" Nikamjibu nilikuja peke yangu. Hivyo nikaongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza. Akanieleza kwamba Kombi nyingi za aina ile zimeisha kwa moto wa namna hiyo, mpira wa shilingi mia chache, na kwamba ganda la injini lina magnesi, ambayo ikishashika moto haizimwi kwa maji, maji huizidishia. Alibadilisha mipira yote, akafunga kichujio kipya, akatengeneza kitasa cha mlango, akanilazimisha kununua mtungi wa kuzimia moto. Kipande cha mpira uliovunjika nilikitia kwenye kopo la kahawa. Kimo humo hata sasa.

Kama kisa kingeishia hapo labda ningejisamehe taratibu, kwa kuwa hakuna aliyeungua. Kilichonizuia kujisamehe ni jambo la mwaka 2021. Nilirudi nyumbani jioni nikakuta mtungi wa gesi ya kupikia unavuja kwenye kichwa chake, nyumba nzima inanuka. Binti yangu, wakati huo ana miaka 16, alikuwa chumbani kwake, mlango amefunga, dirisha amefungua, anasoma. Nilifunga gesi huku natetemeka, nikamwuliza kama hakusikia harufu. Akasema aliisikia tangu saa tisa. Nikamwuliza kwa nini hakumwita mtu. Akajibu kwa upole tu, hakuwa ananilaumu wala hakuwa anafikiria Kombi hata kidogo: "Nilidhani ni mimi tu."

Siwezi kuthibitisha kwamba jibu lake la mwaka 2021 lilizaliwa na jibu langu la mwaka 2016. Mtoto hufunzwa mambo na watu wengi. Lakini mimi najua nilichomfunza siku ile: kwamba pua yake ikimwambia hivi na baba akamwambia vile, pua ndiyo iliyokosea. Na ilikuwa imepatia. Nami nililiona kwa macho yangu kwamba imepatia, nikiwa nimesimama nyuma ya gari karibu na kanisa, kisha nikarudi mbele nikamwacha aendelee kuamini kwamba alikuwa anadeka. Kuendesha gari bovu lilikuwa kosa la mchana mmoja. Hili lingine nimelifanya upya kila Idi, kila nilipoketi nikaisikiliza hadithi ya injini iliyopumzika na nikatabasamu.

Wiki tatu zilizopita binti yangu alipiga simu kutoka chuoni. Sasa ana miaka 20, leseni anayo, na anataka Kombi mwezi Desemba aende Naivasha na rafiki zake watatu. Akasema watasimama kwenye lile kanisa. Nilimwambia nitafikiria. Usiku huo nilimwambia mke wangu yote: onyo la mzee, tone, hesabu ya nne na ya tisa, matatu niliyoipungia mkono.

Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia hasira, na hasira ilikuja siku zilizofuata, tena nyingi, na ninaistahili. Lakini neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Hata mimi niliinusa." Akasema aliinusa kabla ya Longonot. Akasema alinitazama nilivyokuwa nina furaha, hajawahi kuniona vile, akaona aibu kuiharibu. Kisha mtoto alipogombezwa, yeye kama mama mtu alipaswa kusema, na aliteremsha kioo. "Nimelala na kioo hicho miaka tisa," aliniambia. Kumbe tulikuwa tunalala kitanda kimoja, kila mtu na siri yake, na siri ni moja.

Binti yangu nilimwambia ana kwa ana, Jumapili, amekuja nyumbani. Nilimtolea kopo la kahawa. Aliutoa ule mpira akaugeuzageuza, akapitisha ukucha kwenye ufa. Aliuliza swali moja: "Tulipokuwa kanisani, wewe ulikuwa umeshaona?" Nikasema nilikuwa nimeshaona. Akauliza, "Halafu ukatupandisha tena?" Nikasema ndiyo. Nilimwambia pia kwamba alinusa sawasawa, tangu mara ya kwanza, na kwamba mimi nilijua hivyo kabla hatujafika Nairobi. Hakulia, wala hakunikumbatia. Aliurudisha mpira koponi, akasema ana basi la kuwahi. Mama yake ndiye aliyemsindikiza kituoni.

Zilipita siku nne bila neno. Siku ya tano akaniandikia kwenye simu: "Mipira iliyomo sasa ina umri gani?"

Nilikwenda kulitazama daftari la gari. Tuliibadilisha mara ya mwisho Juni 2020. Nikachukua tochi nikatoka nje, nikainua kifuniko, nikapitisha vidole juu ya kila mpira kuanzia tanki hadi kabureta. Yote ilikuwa mikavu. Nikamwandikia tarehe, nikamwandikia kwamba mikavu au si mikavu imepitwa na wakati wake, na kwamba kwa hali ilivyo leo gari hilo asilipande.